Maneno Yafananayo na Vitu Visivyofanana

Katika mambo ambayo watu huyadharau kwa udogo wake ni majina ya vitu vya kila siku. Mtu hujitahidi kuyajua maneno makubwa ya siasa na ya sheria, akaona fahari kuyatamka mbele ya wenziwe, walakini akiulizwa tofauti ya neno hili na lile katika vitu vya jikoni mwake, husema, "Yote ni mamoja." Sisi twaona si mamoja. Zama hizi makopo, pakiti na chupa zenye maandishi ya Kiingereza zimeingia katika nyumba zetu mpaka chini ya kitanda cha bibi. Kutojua tofauti ya majina hayo kwaweza kumtia mtu katika haramu asiyoikusudia, au kumnyima halali aliyoruhusiwa na Mola wake.

Sisi si wasomi wa Kiingereza. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na Kiingereza tulichonacho tumekiokota kidogo kidogo, kwa kamusi moja kuukuu na kwa kuwauliza wanaojua. Lakini tumesomesha watoto wa mtaa kwa miaka zaidi ya thelathini, na watoto ndio watuleteao maswali. Asubuhi wako shuleni, alasiri wako kwetu, na baina ya shule na chuo hupita jikoni kwa mama zao. Basi maswali yao mengi hunukia chakula.

Yapo mambo mawili yaliyotokea mtaani mwetu, kila moja kinyume cha mwenziwe, nayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

La kwanza ni la mama mmoja mtu mzima, mwenye sala na kheri, akaaye na mwanawe na mkaza mwanawe. Siku moja ya Ramadhani yule mkaza mwana alinunua nyama ya ng'ombe kwa mchinjaji wa hapo hapo mtaani, Muislamu tumjuaye sote. Akaisaga, akaitia vitunguu na pilipili manga, akaifanya vidonge bapa, akavikaanga na kuvitia ndani ya mikate ya mviringo ili kuwafurahisha watoto kwa futari. Adhana ilipolia akamwandalia mkwewe, akasema, "Mama, karibu hambaga." Mjukuu, aliyekuwa darasa la sita, akadakia, "Bibi, 'ham' ni nguruwe! Mwalimu katufundisha leo." Bibi akainuka. Sinia yote ikamwagwa, na sufuria zikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama ifanywavyo kwa najisi ya nguruwe. Yule binti akalia usiku kucha, kwani aliona ametuhumiwa kumlisha mama wa mumewe haramu katika mwezi mtukufu. Siku tatu hawakusemezana.

Habari ilipotufikia tulikwenda tukawaeleza kwamba neno lile halitokani na "ham" hata kidogo. Latokana na jina la mji wa Hamburg, ulioko Ujerumani, na chakula chenyewe asili yake ni nyama ya ng'ombe iliyosagwa. Jina lake halikuwa na tatizo. La kutazamwa lilikuwa nyama na mchinjaji wake, na vyote viwili vilikuwa safi. Bibi akamwita mkaza mwanawe, akamwambia, "Mwanangu, niwie radhi. Nimemwaga riziki yako na machozi yako." Binti akambusu mkono, akasema, "Mama, mimi sina kinyongo. Umeogopa Mungu, hukunichukia mimi." Mambo yakesha hapo.

La pili ni la kijana aliyesoma kwetu tangu alifu mpaka akahitimu. Alipata kazi katika jiko la hoteli moja ya watalii. Alijihadhari sana. Neno "pig" alilijua, na "pork" alilijua, na kila chakula kilichoandikwa hivyo hakukitia kinywani. Siku moja mwisho wa zamu wafanyakazi wakagawiwa chakula kilichobaki, na juu ya sahani moja palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa "gammon". Yeye hakuwahi kuliona neno hilo wala kulisikia. Alidhani ni jina la mapishi. Akala. Siku kadhaa zikapita, ndipo mwenziwe alipomwambia kwa mzaha kile alichokula.

Wiki mbili hatukumwona safuni. Tulipomfuata kwao alitoka ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetuhama?"

"Maalim, nimekula nguruwe. Naona haya kusimama mbele ya Mungu na tumbo hili."

Tukamwambia kwamba aliyekula bila kujua, naye alikuwa akijihadhari, si sawa na aliyekusudia. Kosa lisilokusudiwa halina dhambi, na dhambi ni katika yale ambayo moyo umeyanuia. Tukamwambia pia kwamba kuiacha sala kwa sababu ya haya ni kumpa shetani faida ya pili pale aliposhindwa kupata ya kwanza. Alhamdulillahi, alirudi siku ile ile kwa sala ya magharibi. Lakini njiani alituuliza, "Maalim, mnyama ni mmoja. Kwa nini kapewa majina mengi hivi?"

Tazameni basi, wasomaji wetu. Mmoja aliiacha halali kwa kuwa jina lake lilifanana na la haramu. Mwingine aliila haramu kwa kuwa jina lake halikufanana na jina alilolijua. Wote wawili walikuwa wacha Mungu, na wote wawili waliteswa na neno tu.

Swali la yule kijana tulilipeleka kwa bwana mmoja mstaafu, aliyesomesha Kiingereza miaka mingi katika shule za sekondari, naye akatufungulia vitabu vyake. Asili ya jambo hili ni vita. Mwaka 1066, mtawala wa Normandy aitwaye William alivuka bahari kutoka Ufaransa, akamshinda Harold, mfalme wa Waingereza, katika vita vya Hastings, akaitwaa nchi. Tangu hapo, kwa muda wa karne kadhaa, wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa, na watu wa chini wakabaki na Kiingereza chao. Haikuwa ila mwaka 1362 ndipo ilipotolewa sheria kwamba kesi mahakamani zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakikuwa kikifahamika vyema kwa watu.

Katika hali hiyo lugha mbili zikakutana jikoni. Mchungaji alimwita ng'ombe "cow" au "ox", ndama akamwita "calf", kondoo "sheep", na nguruwe "swine". Hayo ni maneno ya Kiingereza cha kale. Lakini nyama ilipofika mezani ikaitwa kwa maneno ya asili ya Kifaransa: ya ng'ombe "beef", ya ndama "veal", ya kondoo "mutton", na ya nguruwe "pork". Mwandishi Walter Scott ndiye aliyeieneza sana habari hii katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka mwaka 1819. Wajuzi wa lugha husema mambo hayakwenda kwa unyofu kama riwaya isemavyo, kwani kwa karne nyingi Waingereza walitumia "beef" na "mutton" hata kwa mnyama aliye hai, na mgawanyo ukatulia polepole. Lakini asili ya maneno yenyewe ndiyo hiyo. Wanyama wengine hawakupata jina la pili: kuku ni "chicken" akiwa bandani na akiwa sahanini, na mbuzi ni "goat", na samaki ni "fish".

Ama nguruwe, huyo hakutosheka na majina mawili. Nyama yake mbichi ni "pork". Paja lake la nyuma lililotiwa chumvi likahifadhiwa ni "ham". Paja hilo hilo, likiwa limetiwa chumvi lakini halijapikwa, Waingereza huliita "gammon". Nyama ya mgongo au ya tumbo iliyotiwa chumvi, na pengine ikafukizwa moshi, ni "bacon". Mafuta yake yaliyoyeyushwa ni "lard". Ndiyo maana mtu aweza kulijua jina moja au mawili, akajiona yu salama, kumbe mlango wa tatu u wazi. Wala tusiwacheke Waingereza kwa jambo hili, maana hata katika miji yetu wenyewe nyama hiyo imepewa jina la kitimoto, na mgeni atokaye mbali hangejua kwa kulisikia tu kwamba ni nyama ya nini.

Tena siku hizi mambo yamezidi kuchanganyika, kwa kuwa yako maduka yauzayo "bacon" ya ng'ombe na ya bata mzinga, iliyotengenezwa makusudi kwa wasiokula nguruwe. Kwa hiyo hata jina la "bacon" peke yake halitoshi kuhukumu. Sharti kusoma neno lililo mbele yake, na kisha kutazama kama mnyama huyo amechinjwa kwa sheria. Kadhalika "pepperoni", ambayo mtu akiisikia huenda akadhani ni pilipili, ni soseji, na mara nyingi hutengenezwa kwa nguruwe au kwa nguruwe na ng'ombe pamoja, ingawa ipo pia ya ng'ombe mtupu.

Mafuta nayo yana mlango wake. "Lard" tumekwisha itaja. "Suet" ni mafuta magumu yazungukayo figo za ng'ombe au kondoo. "Tallow" ni mafuta ya wanyama hao yaliyoyeyushwa. "Dripping" ni mafuta yanayodondoka kutoka nyama ikiokwa, na mara nyingi ni ya ng'ombe, lakini yaweza kuwa ya nguruwe. Na "shortening" si jina la mnyama wala la mmea. Ni mafuta yoyote magumu yatumikayo kulainisha keki na biskuti. Zamani yalikuwa sana ya nguruwe, na leo aghalabu ni ya mimea. Lakini neno lenyewe halisemi. Mfano wake ni "gelatine", iliyomo katika peremende nyingi na katika vidonge vya dawa. Hiyo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe na nguruwe zaidi, na nyingine hutokana na samaki. Jina ni moja na asili ni tatu.

Kuna na maneno mengine yanayohadaa kwa namna ya peke yake. "Sweetmeat" ni kitu kitamu, namna ya halua na peremende, wala hakina nyama. "Sweetbread" si mkate wala si tamu. Ni tezi ya ndama au ya mwana-kondoo. Mtu akiyapindua maneno mawili haya, ataagiza halua aletewe kongosho. Na "mincemeat", ambayo kila asomaye kwa haraka hudhani ni nyama ya kusaga, ni mchanganyiko wa zabibu na matunda makavu, sukari na viungo. Lakini mara nyingi hutiwa mafuta ya figo na ulevi wa brandi, kwa hiyo asiye na nyama asidhani amesalimika. Sababu ya fujo hili ni kwamba neno "meat" katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya chakula chochote. Jambo hili si geni kwa wasomao Kiarabu: "lahm" kwa Kiarabu ni nyama, na neno la shina hilo hilo katika Kiebrania ni mkate. Na "aish" huko Misri ni mkate, lakini katika nchi za Ghuba ni wali. Kila watu huliita chakula kwa kile kinachowashibisha.

Katika vinywaji tutasema machache. "Cider" huko Uingereza ni kileo cha matufaha. Huko Marekani mara nyingi ni maji ya matufaha yasiyolevya, na kileo chake huongezewa neno la mbele. "Ginger beer" ina jina la pombe, lakini nyingi iuzwayo madukani ni kinywaji baridi cha tangawizi kisicholevya. Nyingine ina kileo, basi chupa isomwe. Na "vinegar", yaani siki, jina lake latokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya mvinyo mkali. Je, tuiharamishe kwa jina lake? La, hasha. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Hapo twajifunza kwamba asili ya jina si hukumu ya kitu.

Tusidhani kwamba fumbo hili liko upande wa Kiingereza tu. Sisi tuna mpunga shambani, mchele gunioni na wali sahanini, na Mwingereza vyote vitatu ni "rice". Tuna kidaka, dafu, koroma na nazi, naye ana neno moja. Lakini njooni kwenye mwili wa mtu, muone sisi tulivyo na uchache. Mkono wetu waanzia begani waishia vidoleni. Mguu wetu waanzia nyongani waishia vidoleni. Mwingereza ana "arm" mpaka kifundo cha mkono, kisha "hand". Ana "leg" mpaka kifundo cha mguu, kisha "foot".

Jambo hili laingia katika sala. Alikuja kwetu likizo mtoto mmoja aliyezaliwa Uingereza, wazazi wake ni wa mji wetu. Katika kutawadha aliosha vitanga tu mpaka kwenye vifundo, akapita. Tulipomuuliza alisema kwamba ameambiwa aoshe "hands", naye kaziosha. Kwa lugha yake alisema kweli. Neno la Kiarabu "yad" ni kama mkono wetu, laweza kufika mbali, na ndiyo maana aya ya sita ya Sura ya Al-Maida imeweka mpaka wake kwenye viwiko. Abdullah Yusuf Ali, katika tafsiri yake ya Kiingereza iliyoanza kutoka mwaka 1934, aliliona jambo hilo, akaongeza neno la pili katika mabano ili msomaji asikome kwenye vitanga. Mtoto yule hakuhitaji kukaripiwa. Alihitaji kuonyeshwa kiwiko.

Kadhalika katika mali. Kiingereza kina neno "borrow" kwa atwaaye na "lend" kwa atoaye. Sisi neno kuazima twalitumia kwa wote wawili, na watoto wetu huteleza hapo kila siku katika mitihani. Lakini sisi nasi tumetenga jambo ambalo "borrow" hailitengi: kuazima na kukopa. Cherehani huazimwa, nayo hurudi yenyewe. Unga na fedha hukopwa, na kirudicho ni mfano wake. Wanavyuoni wa fiqhi huita la kwanza ariya na la pili kardhi, na kila moja lina hukumu zake. Basi mtu akifariki akaacha karatasi ya Kiingereza isemayo tu kwamba ali-"borrow" kwa fulani, warithi wana kazi ya kuuliza: je, kitu chenyewe kingali mali ya mwenyewe, kirudishwe kabla ya kugawa urithi, au ni deni la kulipwa katika alichoacha? Roho ya maiti yangoja jibu hilo. Ni vyema mtu aandike kwa lugha anayoijua, na mbele ya mashahidi.

Baada ya maelezo haya, twawausia wasomaji wetu mambo matatu. Kwanza, msihukumu kitu kwa jina kubwa lililoandikwa mbele ya kopo. Geuzeni nyuma msome vilivyomo, na msipofahamu neno, muulizeni ajuaye kabla ya kula na kabla ya kumwaga. Kuuliza si ujinga. Pili, jueni kwamba kuharamisha halali ni kosa kama vile kuhalalisha haramu, na kumwaga riziki ya Mungu kwa dhana si ucha Mungu uliotimia. Tatu, anayekosea kwa kutojua mfundisheni kwa upole. Kijana aliyeonewa huruma hurudi msikitini, na aliyetahayarishwa huenda asirudi.

Na wazazi msiogope kwamba watoto wenu wakisoma Kiingereza watapotea. Mtoto asomaye maneno mawili akajua mahali yanapotengana ni taa ya nyumba. Yule mjukuu wa hambaga sasa ndiye msomaji wa makopo yote ya bibi yake, na kila neno asilolijua huliandika katika daftari, akalileta kwetu alasiri; nasi tusilolijua twampelekea yule bwana mstaafu.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na macho ya kuitambua, na ndimi zisizotuhumu kabla ya kujua. Amin.